Nyoka Kumi wa Kavata

Asubuhi za Charo na Kavata zilikuwa za namna moja. Wakishakunywa chai na mihogo, walifagia kibanda chao cha kazi, wakaketi. Charo alichonga. Kavata alipaka rangi. Kibanda kilikuwa ubavuni mwa nyumba yao huko Ganda, karibu na Malindi. Mpita njia alisikia tezo ikigonga mti hata kabla hajawaona wenyewe.

Charo alikuwa mwenyeji wa Ganda. Kavata alitoka Ukambani akiwa msichana, akaja Malindi kwa mjomba wake aliyekuwa mchongaji wa vinyago. Huko ndiko alikojifunza kazi ya rangi, na ndiko alikokutana na Charo. Sasa walikuwa na miaka saba katika ndoa. Waliishi pamoja na mama yake Charo, ambaye watu wote walimwita Mama Kahonzi. Mama Kahonzi alilima mahindi na kufuga kuku. Pia alijua dawa za majani, na majirani wengi walimjia wakiugua.

Kwa muda mrefu Charo alichonga twiga na tembo. Lakini kila kibanda cha Malindi kilikuwa na twiga na tembo. Wageni walitazama, wakapita. Mwaka huo akajaribu nyoka. Alikata mti wa mwarobaini vipande vidogo, akaviunganisha kwa ukanda wa ngozi. Ukimshika nyoka huyo mkiani, alijipinda mkononi kama aliye hai. Kavata aliwapaka rangi alizozipenda yeye. Mmoja alikuwa mwekundu mwenye madoa ya manjano. Mwingine alikuwa wa bluu, kichwa chekundu.

Mama Kahonzi hakuwapenda. Alisema nyoka wa bluu mwenye kichwa chekundu hayupo duniani, na kwamba mkwewe anawadanganya wageni.

Siku moja alikuja mwanamke aliyevaa viatu virefu vya mpira. Alimwamkia Mama Kahonzi shikamoo, akajitambulisha. Jina lake lilikuwa Everlyne. Alifanya kazi katika kituo kimoja karibu na Mnarani, Kilifi, panapofugwa nyoka ili watu waje kujifunza habari zao. Alimchukua yule nyoka wa bluu, akamgeuza huku na huku, akacheka kwa furaha.

"Dada, huyu ulimwona wapi?" akamuuliza Kavata.

Kavata alikiri kwamba hakumwona popote. Alimtunga tu kichwani.

"Basi umemtunga nyoka wa kweli," Everlyne akasema. "Yuko kwenye misitu ya Malesia. Mwili wake ni wa bluu iliyokolea, kichwa na mkia vyekundu kama pilipili. Nyoka mzuri sana, na sumu yake ni kali sana."

Mama Kahonzi akaenda kuwatazama kuku wake.

Everlyne alikuwa na shida. Yeye na wenzake walizunguka shule za pwani kufundisha habari za nyoka. Nyoka hai hawawezi kupitishwa mikononi mwa watoto. Alitaka nyoka kumi wa mti, kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Lakini alitoa sharti moja. Kila mmoja awe na rangi zake za kweli, bila kuongeza wala kupunguza. Akawaachia kitabu kikubwa cha picha.

Kwa majuma kadhaa kitabu hicho hakikufungwa. Kavata hakujua kwamba dunia ina nyoka wa namna hiyo. Alimwona chatu wa msituni Amerika Kusini, kijani kibichi, mwenye alama nyeupe mgongoni kama radi. Watoto wa chatu huyo huzaliwa wekundu au rangi ya chungwa, kisha hugeuka kijani wakikua. Aliona nyoka wa Asia ambaye gizani ni mweusi tu, lakini jua likimpiga magamba yake hung'aa rangi zote za upinde wa mvua. Alimwona swila wa nyika kavu za Kenya, yule atemaye sumu machoni mwa mtu. Mwili wake ulikuwa mwekundu kama tofali jipya, na shingoni alikuwa na mkanda mweusi. Akamwona pia bafe, nyoka mnene wa kahawia na manjano, aliyepambwa mgongoni kama mkeka.

Everlyne alirudi mara mbili kuangalia kazi. Kila alipokuja, Kavata alimuuliza maswali. Alitaka kujua kwa nini nyoka wengine wana rangi kali na wengine wanafanana na majani makavu. Everlyne alimweleza kwamba rangi ina kazi. Kuna nyoka anayejificha kwa rangi yake ili apate chakula. Kuna anayeonya adui kwa rangi yake. Na kuna asiye na sumu hata kidogo, lakini amefanana na mwenye sumu, ili aogopwe. Huko Amerika wako wawili wenye pete nyekundu, nyeusi na manjano. Mmoja anaua. Mwingine hana madhara.

"Kwa hiyo mtu atajuaje?" Kavata akauliza.

"Hatajua," Everlyne akajibu. "Hata mimi huwa nakosea nikiwa mbali. Uzuri wa nyoka haukuambii kitu juu ya sumu yake. Mtazame, msifu, kisha rudi nyuma."

Siku hiyohiyo, wakinywa chai, Everlyne alimweleza la kufanya mtu akiumwa na nyoka. Kavata alisikiliza kama anavyosikiliza mtu habari za nchi ya mbali.

Nyoka tisa walikamilika. Wa kumi aliwashinda. Huyu hakuwa wa nchi ya mbali. Alikuwa mamba wa kijani, nyoka wa miti ya pwani hiihii. Jina ni mamba, lakini si yule mnyama wa mtoni mwenye miguu. Charo alichonga mwili wake vizuri, ila kichwa kilikuwa kama cha nyoka yeyote. Na kijani cha Kavata kilikataa. Picha ya kitabuni ilikuwa imefifia. Alichanganya rangi mara nne, na kila mara ilitoka kama kijani cha sare ya shule. Alichoka, akamwekea huyo nyoka kitambaa juu.

Charo aliona mkewe anavyohangaika, na ilimuuma.

Asubuhi ya Jumanne alikwenda nyuma ya nyumba kuokota korosho. Juu ya tawi la chini la mkorosho aliona nyoka wa kijani, amejilaza juani. Hakuogopa. Tangu utotoni aliambiwa na mama yake kwamba nyoka wa kijani ni ukukwi, kijinyoka chembamba kinachokula vyura, wala hakina neno na mtu. Huyu alikuwa mrefu kuliko ukukwi aliowahi kuwaona. Charo hakulifikiria hilo. Alifikiria rangi. Alimfikiria Kavata akimtazama nyoka huyu na kusema, hii ndiyo.

Alikata kijiti chenye panda, akanyata. Alitaka kumbana shingo. Nyoka alijivuta nyuma, akateleza kuelekea juu ya mti. Charo akamwahi kwa mkono wa kulia. Nyoka aligeuka mara moja tu. Charo aliona matone mawili ya damu kando ya kidole gumba, na nyoka amekwisha kupotea kwenye majani.

Aliingia uani akitembea polepole, amekishika kiganja. Alimwambia Kavata kwamba ameumwa na ukukwi, lakini mkono unamchoma kama aliyeushika moto.

Mama Kahonzi alitoka jikoni. Alipoona damu hakuuliza kitu. Alikimbia ndani, akarudi na wembe, na ukanda wa mpira wa baiskeli. Baba yake aliwatibu watu hivyo, naye aliwatibu wengine hivyo, na walipona. Angefunga mkono kwa nguvu, angechanja mahali pa jeraha, angetoa damu, kisha angetuma mtu akalete jiwe jeusi la kunyonya sumu.

Kavata aliuona ule wembe. Alikuwa hajawahi kumpinga mama mkwe wake hata siku moja kwa miaka saba. Alisimama kati yake na Charo.

"Mama, nisamehe," akasema. "Leo sitakutii."

"Mwanangu anakufa, nawe unanizuia?"

"Nakuzuia ili asife. Ukimchanja, unaongeza jeraha, na sumu haitatoka. Ukimfunga hivyo, mkono utaoza. Naomba, Mama. Nisaidie kumlaza."

Mama Kahonzi alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe. Kisha akauangusha wembe, akaenda kutandika mkeka.

Walimlaza Charo chini na kumwambia asitikisike, maana mtu akitembea au kuhangaika sumu huenda mwilini kwa haraka. Kavata alimvua saa na pete kabla mkono haujavimba. Alichukua ubao mwembamba wa kazini, akauweka chini ya mkono, akaufunga kwa leso bila kukaza, ili mkono utulie. Hakuosha jeraha, hakupaka kitu, hakumpa kitu cha kunywa. Kisha akampigia simu Everlyne.

Everlyne hakupoteza maneno. Aliuliza nyoka alikuwa na urefu gani. Kavata alimuuliza Charo, naye akasema labda kuliko mtu.

"Huyo si ukukwi," Everlyne akasema. "Msimtafute, msijaribu kumuua. Nendeni hospitali kubwa ya Malindi sasa hivi. Mlazeni kiubavu ili asipaliwe na mate. Mimi nawapigia hospitali wajitayarishe."

Jirani yao, Njenga, alikuwa na pikapu. Aliitumia kusambazia maduka maziwa kutoka Mariakani. Asubuhi hiyo alikuwa akipakia kreti. Kavata alipomwita hakungoja kuelezwa mara mbili. Alizishusha kreti zote kando ya njia, akaja na gari hadi mlangoni. Walimbeba Charo na mkeka wake.

Njiani kope za Charo zikawa nzito. Maneno yake yakaanza kuburuta. Mate yakamtoka mdomoni. Kavata alimshika mkono ule uliofungwa ubao, akamweleza kila walipofika. Sasa tumepita kinu cha kusagia unga. Sasa tuko lami. Charo alijaribu kuitikia, baadaye akaacha. Mama Kahonzi alikaa miguuni pa mwanawe. Alikuwa akiomba kwa Kigiriama, kwa sauti ndogo, bila kunyamaza.

Hospitalini walikuta kitanda cha magurudumu mlangoni. Charo aliwekewa hewa ya oksijeni, na mshipani akapewa dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Saa zile zilikuwa ndefu. Jioni daktari alitoka, akamwambia Kavata kwamba mumewe anapumua vizuri. Akaongeza kwamba kama wangechelewa kwa kuhangaika na wembe na mawe, angekuwa anampa habari nyingine.

Hapo ndipo Kavata alipolia. Mama Kahonzi alimvuta, akamweka kichwa kifuani pake.

Siku ya pili Kavata alirudi nyumbani kuchukua nguo. Alikuta watu wamekusanyika nyuma ya nyumba na mapanga. Njenga alikuwa ameleta petroli kwenye kopo. Yule nyoka alikuwa ameonekana tena mkoroshoni, nao walikuwa wamekubaliana kuukata mti na kuuchoma moto pamoja naye.

Kavata alikuwa hajalala, na hasira ya nyoka yule alikuwa nayo yeye kuliko wote. Lakini aliwaomba wangoje. Aliwauliza ni nani atakayekuwa wa kwanza kupanda na panga. Akawaambia kwamba wengi wanaoumwa na nyoka huumwa wakijaribu kumkamata au kumuua, kama ilivyomfika mumewe. Kuna watu waliosomea kazi hii, na yeye ana namba yao.

Adhuhuri Everlyne alifika na mwenzake mmoja. Walikuwa na fimbo ndefu zenye kulabu, na bomba la plastiki unaloweza kuona ndani. Waliwarudisha watu wote nyuma hatua thelathini. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Nyoka alikimbia tawi hadi tawi, nao walimfuata taratibu bila papara. Mwishowe aliteremka, akaingia mwenyewe ndani ya lile bomba akidhani ni pa kujificha. Mwenzake Everlyne akaziba ncha zote mbili. Watu waliokuja na mapanga wakapiga makofi.

Everlyne akamwita Kavata. "Njoo umwone," akasema. "Hawezi kutoka."

Kavata alisogea, akapiga magoti. Alitegemea kuona kitu cha kutisha. Alichoona kilimfanya asahau kwa muda kitanda cha hospitali. Nyoka alikuwa kijani cha jani changa la mgomba linapopigwa na jua, tena laini, kama aliyepakwa mafuta. Chini ya kidevu alikuwa amechanganyika na manjano. Kichwa chake kilikuwa kirefu na chembamba, na mstari wa mdomo ulipinda kidogo kama wa mtu anayetabasamu.

Alikimbia kibandani, akarudi na makopo yake na kipande cha ubao. Alichanganya pale pale, amepiga magoti, watu wote wakimtazama. Siku zote alikuwa akitia bluu katika kijani. Kumbe kilitaka manjano. Akaongeza tone, akaweka ubao kando ya bomba, akaongeza tone jingine. Mara ya tatu rangi na nyoka vikawa kitu kimoja.

"Nimeipata," akasema.

Mama Kahonzi, aliyekuwa amerudi kutoka hospitali kupumzika, aliuliza kama sasa nyoka huyo atauawa. Everlyne alimjibu kwa heshima kwamba hapana, atapelekwa kufugwa. Akamweleza kwamba dawa iliyomwokoa Charo hutengenezwa kwa kuanzia na sumu ya nyoka yenyewe. Sumu hukamuliwa, farasi hupewa kidogo kidogo isimdhuru, na kinga inayojengeka katika damu ya farasi ndiyo hutolewa ikawa dawa ya binadamu. Pasipo nyoka wa kukamuliwa, hakuna dawa.

Mama Kahonzi alifikiri. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu jana. Kama wembe na jiwe haviponyi, mbona wale aliowatibu zamani walipona?

"Mama, nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu," Everlyne akasema. "Na hata mwenye sumu, mara nyingine huuma asiitoe. Watu hao wangepona hata bila kuchanjwa. Ulifanya kwa moyo mwema. Ila yule aliyeumwa na nyoka kama huyu, wembe humchelewesha tu."

Charo alirudi nyumbani baada ya siku sita. Mkono ulikuwa umevimba hadi kiwikoni, na vidole vilikuwa vizito. Majuma mawili hakuweza kushika tezo, na aliogopa kwamba hataichukua tena. Kila asubuhi alifanya mazoezi aliyofundishwa hospitalini. Kwanza alishika msasa. Kisha kisu kidogo. Siku aliyoshika tezo, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kukata kile kichwa cha zamani cha nyoka wa kumi. Kavata alimchorea kichwa kirefu chembamba alichokiona kwenye bomba. Charo alikichonga polepole kwa siku tatu. Kavata akakipaka rangi. Walipomaliza, walimlaza nyoka huyo juu ya jani la mgomba, na Njenga aliyepita kusalimia aliruka nyuma akamwaga chai yake.

Nyoka wote kumi walipelekwa shuleni Ganda. Wanafunzi walipanga mistari uwanjani, na wazazi walijaa pembeni. Everlyne aliwapitisha nyoka wa mti mikononi mwa watoto, akaeleza habari ya kila mmoja. Kisha akamwita Charo. Charo hakuwa mtu wa kuhutubia. Aliinua mkono wake wa kulia, akaonyesha alama mbili.

"Nilidhani nawajua nyoka kwa rangi," akasema. "Sikujua. Ninyi mkimwona nyoka, awe mzuri vipi, mwacheni apite. Akimuuma mtu, msimchanje, msimfunge. Mlazeni, mtulizeni, mpelekeni hospitali."

Baada ya siku hiyo shule nyingine nne, hadi za Kilifi, ziliagiza nyoka wao. Charo aliacha kuchonga tembo.

Mvua zikaja, watu wakaingia mashambani kupalilia. Jirani yao Damaris alikuwa shambani, amevaa ndala. Alikanyaga kitu kati ya majani makavu, na kitu hicho kikamuuma kwenye kifundo cha mguu. Alipiga kelele. Mama Kahonzi, aliyekuwa shamba la pili, ndiye aliyefika kwanza. Alimwona nyoka akijiondokea taratibu, mnene, amepambwa kama mkeka. Alimtambua bila shida, kwani alikuwa amemwona kila siku kibandani kwa mkwewe.

Wanawake wengine walikuja mbio. Mmoja alifungua kitambaa cha kichwa ili amfunge Damaris mguu kwa nguvu. Mwingine alimuuliza Mama Kahonzi kama akimbilie wembe.

"Wembe wa nini?" Mama Kahonzi akasema. "Mlazeni. Mtu asimguse mguu. Wewe mvue hiyo bangili ya mguuni. Wewe mpigie Njenga simu."

Alikaa chini kwenye udongo, akamshika Damaris mkono, akamwambia apumue taratibu, kwamba gari linakuja na hospitalini dawa ipo. Muda si muda Njenga alifika na pikapu yake.

Damaris alikaa hospitalini siku tisa. Alitoka akitembea kwa miguu yake yote miwili. Kabla ya kwenda kwake, alipitia kwa Mama Kahonzi na jogoo mkubwa mwekundu, akamshukuru kwa dawa.

Mama Kahonzi alisema yeye hakumpa dawa yoyote. Lakini jogoo alimpokea, akamfungua kamba, akamwachia achanganyike na kuku wake.

Hata leo watu wa Ganda humjia mama huyo. Mwenye kikohozi humpa majani. Mwenye tumbo humpa mizizi. Wa nyoka humlaza barazani, kisha huita kwa sauti inayosikika hadi barabarani, "Njenga, lete gari."